Alhamisi, Saa Tisa

Jumamosi ile, nyumbani kwa Mzee Sulaimani mjini Koboko, walikuwepo watu saba. Alikuwepo Mzee Sulaimani mwenyewe, sajini mstaafu na mfanyabiashara wa tumbaku. Alikuwepo dada yake, Poni, aliyefika kutoka Arua kwa lori la asubuhi. Alikuwepo Rosa Kiden, mke mdogo wa mzee, ambaye hapo awali alikuwa mke wa kaka yake mzee, naye kaka huyo alikuwa marehemu. Walikuwepo Lokule na dada yake Afisa, watoto wa Rosa Kiden na huyo marehemu. Kwa upande wa wageni walikuwepo wawili: Anicet, mfasiri wa picha za sinema katika nyumba ya video ya Awindiri, mtaa wa mji wa Arua, na dada yake mkubwa, Scholastique, muuza vitenge, aliyevuka mpaka kutoka Aru, upande wa Kongo, kuja kusimama katika posa hiyo mahali pa wazazi wao waliokwisha kufa.

Mtu wa nane hakualikwa, na jina lake lilikuwa halijatajwa. Ni Afisa peke yake aliyekuwa akimwona pale, kana kwamba ameketi kizingitini na mtoto mgongoni, akingoja kuambiwa aingie.

Afisa alikuwa amekaa mkekani kando ya mama yake, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi. Tangu wageni waingie hakuwa amemtazama Anicet usoni. Alikuwa akitazama shati lake. Ni shati jeupe alilomshonea yeye mwenyewe kwa cherehani yake kule Arua, alikoishi na Shangazi Poni, na alilijua kila mshono. Kifungo cha tatu kutoka juu kilikuwa kimeng'oka na kushonwa upya kwa uzi mweusi. Mshono ule haukuwa wa fundi, lakini ulikuwa wa mtu mwenye subira: uzi umezungushwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ili kifungo kisianguke tena.

"Kijana," alianza Mzee Sulaimani, "mimi iko mtu ya jeshi. Hapana penda maneno mingi. Mimi nauliza moja, wewe najibu moja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

"Unataka mtoto yetu?"

"Namutaka, mzee. Kwa moyo yote."

"Sisi iko Waislamu. Wewe?"

"Nilibatizwa, mzee. Lakini nimekwisha kumwambia Mama Poni, niko tayari kuingia dini yenu."

"Dini si nyumba ya video," alisema mzee, "kwamba mtu nakata tikiti, naingia, kama picha ni mbaya natoka."

Lokule alicheka. "Baba Mdogo, huyu hata picha ikiwa mbaya anaitengeneza. Mimi nimemsikia. Mhindi analia, yeye anatuambia anaagiza chai."

Hata Scholastique alitabasamu, na Anicet akainamisha kichwa kwa aibu nzuri, ile ile iliyokuwa imemteka Afisa tangu mwanzo. Ingekuwa rahisi zaidi kama mtu huyu angekuwa mbaya.

Kwa maana yote yalianzia kwenye nyumba ile ya video, nayo ilikuwa na utaratibu wake, kila mtu Awindiri aliujua. Asubuhi hapakuwa na picha, kwa sababu jenereta ilipumzika. Ijumaa mlango ulifunguliwa baada ya swala, wanaume wakaingia pamoja na sigara zao. Jumamosi ilikuwa siku ya watu wa Adumi, walioshuka mjini na mazao na kumaliza safari yao mbele ya televisheni, matenga yakiwa magotini. Jumapili watu walitoka kanisani na kwenda huko moja kwa moja, wakabanana hadi madirishani. Lakini Alhamisi, saa tisa ya alasiri, Obeti mwenye nyumba alikuwa ameitenga kwa akina mama, baada ya wake wa wafanyabiashara kumlalamikia. Mwanamume hakuruhusiwa kuingia saa hiyo, isipokuwa mfasiri. Kivuli cha ghala la tumbaku lililo jirani kilikuwa kimekwisha kufika kwenye paa la bati, ukumbi umepoa, na sauti ilisikika mpaka benchi ya mwisho. Watu walipouliza ni saa ipi nzuri ya kwenda kutazama picha, Awindiri nzima ilikuwa na jibu moja.

Shangazi Poni alimpeleka Afisa huko kwa moyo mweupe. Walikaa benchi ya mbele, upande wa ukuta, hatua chache tu kutoka kwenye kiti cha mfasiri. Anicet hakujua Kihindi hata neno moja. Alitazama midomo, akatazama machozi, kisha akawapa watu wale maneno ya kusema. Na Alhamisi, tofauti na siku nyingine zote, aliwaoza wapenzi wote. Hata siku ile shujaa alipobebwa juu ya machela ya mazishi, Anicet alisimamisha kanda, akawageukia wanawake, akasema kwa sauti ya shujaa mwenyewe: "Nimechoka tu, wapenzi wangu. Kesho ni harusi." Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akamtupia machungwa. Anicet aliokota chungwa moja, akampa Afisa, akasahau kuliachia hadi Shangazi Poni alipokohoa.

Baadaye, walipokwisha kuzoeana na kuzungumza kwenye kibaraza cha cherehani, Afisa alimwambia angependa kuja hata Jumapili, siku ambayo hakuwa na kazi.

"Usikuje siku ya Mungu," alimwambia Anicet. "Ni fujo tupu. Mutu moja anakohoa, mwingine anapiga mbinja, hutasikia kitu. Saa yako ni Alhamisi. Ile saa ndiyo nzuri."

Naye alitii, kwa sababu aliipenda ile "saa yako". Mwaka wote uliofuata aliishi kama mtu mwenye siku moja tu katika juma.

"Neno la mwisho," Mzee Sulaimani alisema, na Afisa akarudi kutoka Awindiri hadi mkekani. "Hii neno tunauliza kila mtu anakuja kuoa hapa, hata kama ni mtoto ya jirani. Nyuma yako kuna kitu? Kitu sisi tutasikia kesho kwa njia?"

Hilo ndilo swali ambalo Afisa alikuwa akilingojea. Alikuwa amenyamaza tangu Jumapili ili swali hili limkute Anicet akiwa huru, bila mtu wa kumsukuma. Kwa mara ya kwanza aliinua macho. Aliyaweka yote ndani ya mtazamo ule: sema, nakuomba, sema wewe mwenyewe.

Anicet alimtazama Afisa. Kisha akamtazama dada yake. Scholastique alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Hakuna kitu, mzee," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Shangazi Poni, akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Sidonie hajambo?" aliuliza Afisa.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayejulia hali. Kikombe cha Shangazi Poni kikasimama hewani.

"Sidonie ni nani?" aliuliza Lokule.

Rangi ya uso wa Anicet ilibadilika.

"Nilikwenda Awindiri Jumapili iliyopita," Afisa alisema, bado kwa sauti ile ile. "Lokule alileta habari kwamba Baba Mdogo amekubali kukuona. Alhamisi ilikuwa mbali. Nikasema nikimbie, nikupe habari nzuri kwa mdomo wangu."

Hakuwaeleza mengine, lakini alikuwa ameyabeba yote. Mlangoni alimkuta mwanamke mwembamba akiuza tikiti, mtoto mchanga mgongoni, mwingine amekaa mavumbini miguuni pake. Mwanamke yule alijitaja kuwa Sidonie, akampokea vizuri. "Ingia, dada. Leo watu ni wengi, lakini nitakutafutia nafasi." Kutoka ndani ilisikika sauti ya Anicet, na yule mtoto wa mavumbini akasema, "Papa." Afisa alidhani amesikia vibaya. Akauliza kwa upole kama mfasiri ni baba wa mtoto.

"Ni baba yake wa sasa," alisema mwanamke. "Bwana yangu alikufa na lori, njia ya Ariwara. Familia wakanipatia mudogo wake. Na huyu wa mugongo ni wake." Kisha akaendelea: "Ni mutu muzuri, hanipige, hanitukane. Ila mimi sijaingia kutazama hata siku moja. Siku ya Mungu nauzisha tikiti tu, picha nayisikilizaka ku ukuta. Nilimuomba nikuje Alhamisi, siku ya wamama. Akasema Alhamisi ni mbaya, ni fujo tupu, wanawake wanapiga kelele mpaka hakuna kitu unasikia."

Ndani, Anicet alikuwa akifasiri picha ile ile ya machela. Safari hii hakusimamisha kanda. "Amekufa," aliwaambia watu wa Jumapili. "Ndiyo mwisho." Afisa alisikia hayo akiwa mlangoni, tikiti mkononi, kisha akaondoka bila kuingia.

"Anicet," Mzee Sulaimani alisema sasa. "Mtoto iko nauliza."

"Ni muke ya kaka yetu Zéphyrin," Scholastique alidakia. "Mzee, utusamehe. Zéphyrin alikufa, na sisi ni watu wa desturi. Muke hawezi kutupwa. Wazee walimupatia Anicet amutunze. Si yeye alimutafuta."

"Na mtoto wa mgongoni?" aliuliza Afisa.

Mtu aliyewapa maneno wapenzi wa dunia nzima hakuwa na neno lake mwenyewe.

"Ni wangu," alisema hatimaye.

Kuku akapita mlangoni, akatazama, akaenda zake. Afisa alikuwa tayari kwa hasira ya baba yake mdogo. Hakuwa tayari kwa kile kilichokuja. Mzee Sulaimani alikohoa, akajiegemeza, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Sasa hiyo ndiyo ilikuwa ya kuficha?" alisema. "Wewe kijana iko mjinga kidogo. Mtu narithi mke ya kaka yake, hiyo si aibu. Hiyo ni heshima. Mimi mwenyewe," na hapo alinyoosha kidole kuelekea kwa Rosa Kiden bila kumtazama, "nilifanya hivyo. Wewe nakuja kwa dini yetu. Dini yetu naruhusu. Yule nakaa kwa nyumba yake, huyu kwa nyumba yake. Kwisha."

"Tena Afisa atakuwa wa kuchaguliwa," alisema Shangazi Poni, ambaye kikombe chake kilikuwa kimepata njia ya mdomoni. "Yule ni wa kurithiwa tu. Mwanangu, hapo hakuna vita. Wewe ndiye bibi arusi."

Macho ya Anicet yalianza kurudiwa na uhai. Hilo ndilo lililomuumiza Afisa kuliko yote: kuona tumaini likipanda usoni mwa mtu anayempenda, na kulihisi likipanda hata ndani yake mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Pingamizi zote alizoziogopa, za dini, za mpaka, za lugha, zilikuwa zimeondolewa na mzee mmoja katika pumzi moja.

Rosa Kiden aliinuka. "Chai imepoa," alisema. "Afisa, njoo unisaidie."

Jikoni, nyuma ya nyumba, mama alipuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Tangu baba yao alipofariki, Afisa hakuwahi kumsikia akilalamika.

"Unampenda?" aliuliza Rosa Kiden.

"Nampenda, mama."

"Naona." Alisogeza kuni. "Baba yako mdogo hakunipiga hata siku moja. Chumvi iko, sabuni iko, nyinyi mmesoma. Mke wake mkubwa akiwa shambani Ludara, kama sasa, ananiita mbele ya wageni. Akirudi, mimi narudi chumba cha nyuma. Sina la kumdai. Aliniweka tu."

Afisa aliokota ukuni ulioanguka, akaurudisha motoni.

"Watu wanadhani mtu anayewekwa hajui," mama alisema. "Anajua. Anajua hata siku ambayo kicheko kinatoka chumba kingine." Kisha akamkabidhi birika, na alipoona Anicet amesimama pembeni ya nyumba, kofia mkononi, akaongeza, "Zungumza naye. Mimi niko hapa hapa," akageuka kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Anicet alikaribia hadi pale adabu ilipomruhusu.

"Ungeniuliza kule Arua," alisema. "Kwa nini mbele ya watu?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Baba Mdogo alikupa nafasi. Mimi nikakupa macho yangu yote."

"Niliogopa. Nikaona nikisema, nitakupoteza hapo hapo." Aliifinya kofia. "Afisa, nisikilize. Maisha yangu yote nimefanya yale wengine wamesema. Wazee walisema chukua muke, nikachukua. Obeti anasema fasiri, nafasiri. Alhamisi ndiyo siku moja ambayo mimi nilichagua. Wewe ndiye kitu pekee nilichagua."

"Najua."

"Basi? Mzee amekubali. Nitakujengea nyumba. Alhamisi zote ni zako, mpaka tuzeeke."

Machozi yalimjia Afisa, na hakuyazuia. Angeweza kuishi miaka mingi ndani ya sentensi ile.

"Kwa nini ulimwambia Sidonie kwamba Alhamisi ni fujo?"

Anicet aliivaa kofia, akaivua tena.

"Na mimi ukaniambia Jumapili ni fujo. Maneno yale yale, Anicet. Hata hukuyabadilisha."

"Sikutaka mukutane."

"Tulikutana. Alinitafutia nafasi." Alitazama shati lake. "Hicho kifungo alikishona yeye?"

Anicet aliinamisha macho, akakigusa kifungo kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Leo asubuhi," alisema taratibu. "Kiling'oka nikivaa. Akasema siwezi kwenda kwa watu hivyo."

"Alijua unakwenda wapi?"

"Nilimwambia ni kazi."

Afisa alifunga macho. Alimwona mwanamke yule akikata uzi kwa meno, akimpangusia mumewe bega, akimsindikiza hadi mlangoni ili akaoe.

"Ungekuwa umeniambia siku ile ya chungwa," alisema, "labda ningekubali. Wanawake wengi wanakubali, na wanaishi vizuri. Lakini wewe umekwisha kutugawa. Mimi umenipa kivuli na wapenzi wanaooana. Yeye umempa mlango na ukuta. Nikiingia kwenye nyumba yako, sitaweza kucheka bila kujua nani ananisikia."

"Nitabadilisha. Naapa."

"Badilisha. Lakini si kwa ajili yangu."

"Hunipendi tena?"

"Ningekuwa sikupendi, ningesema ndiyo, nikaolewa, nikawa na mume kama watu wengine." Alilishika birika vizuri. "Twende ndani. Chai inapoa tena."

Aliingia yeye mbele na birika. Alimimina chai kwa utaratibu, akianza na mgeni mkubwa, kisha wazee, kisha wengine, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha hakurudi mkekani. Alisimama katikati ya chumba, akauvuta mtandio nyuma ili kila mtu amwone uso.

"Mnaona?" alisema Shangazi Poni. "Wamezungumza, mambo yamekwisha. Sema, mwanangu, usione haya."

"Baba Mdogo," alisema Afisa, "umenifungulia mlango ambao sikutegemea ungefunguka, na nakushukuru. Shangazi, ulinipeleka kwa moyo mweupe, sina kinyongo. Kaka Lokule, usimtukane mtu huyu njiani, hata kwa utani. Dada Scholastique, unisamehe kwa safari yako ya bure. Mama." Alimgeukia Rosa Kiden mlangoni, naye akatikisa kichwa kukubali. "Nimekata shauri, nami nalisema mbele yenu nyote ili nisipate njia ya kulitengua. Siolewi na Anicet. Wala Alhamisi sitakwenda tena kwenye nyumba ya video."

Mzee Sulaimani alifungua mdomo. Rosa Kiden, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkatiza, alisema, "Mwache amalize."

Afisa alimgeukia Anicet. Alimtazama usoni kikamilifu, kama mtu anayetazama kitu ambacho hatapewa tena.

"Alhamisi hii, saa tisa, mlete Sidonie, lakini si kuuza tikiti. Mshike mkono, umwingize ndani, umkalishe benchi ya mbele, upande wa ukuta. Nafasi ipo."